Kufuga Samaki Kando ya Kijito Kinachopita Shambani: Mwongozo kwa Wakulima wa Nyanda za Juu za Kenya ya Kati

Mkulima ambaye shamba lake limekatizwa na kijito katika miteremko ya Mlima Kenya au ya safu ya Nyandarua hujiwa mapema na wazo la kununua vifaranga, kuwamimina majini, kisha kurejea baada ya miezi kadhaa na wavu wa kuvulia. Wazo hilo halimfai. Samaki aliyeachiliwa katika maji yanayotiririka hatambui mpaka wa shamba; atateremka na mafuriko ya Aprili hadi kwa jirani wa tatu, au atapanda juu kutafuta maji yanayompendeza, na gharama yote itakuwa imewafaidi fisi maji na wavuvi wa huko chini. Isitoshe, sheria yenyewe hairuhusu. Mwongozo huu unaeleza njia inayofaa zaidi, ambayo ni kuchepusha sehemu ndogo ya maji, kuwafuga samaki katika kidimbwi kilichochimbwa kando, na kukiacha kijito chenyewe na samaki wake wa asili.

Hatua ya kwanza: Kujua kilicho chako na kisicho chako

Hatimiliki ya ardhi haimpi mtu umiliki wa maji yanayopita juu yake. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inaweka rasilimali zote za maji nchini mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, na anayetaka kuchepusha maji ya mto au kijito hutakiwa kupata kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 kinakwenda mbali zaidi: kinakataza kuzuia mto au kuugeuza mkondo wake, kujenga kitu chochote ndani yake, na kuingiza humo mnyama yeyote, awe wa kigeni au wa kienyeji, hai au mfu, pasipo idhini ya maandishi inayotolewa baada ya tathmini ya athari kwa mazingira. Samaki ni mnyama, na kijito kidogo hakisamehewi kwa udogo wake.

Kuna pia suala la ukingo. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zinakataza kulima na shughuli za ujenzi katika ukanda unaolingana na upana wa mto, usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, ukipimwa kuanzia mahali maji yalipowahi kufika wakati wa mafuriko makubwa. Kidimbwi basi kichimbwe nje ya ukanda huo. Agizo hili linaafikiana na busara ya mchimbaji mwenyewe, kwa sababu kidimbwi kilicho ndani ya eneo la mafuriko hupoteza samaki wote kwa usiku mmoja wa mvua.

Mahali pa kuanzia ni kwa afisa wa uvuvi wa kaunti na kwa chama cha watumiaji wa maji cha bonde lako dogo. Vyama hivi vina nguvu hasa upande wa Nyeri, Laikipia na Meru, ambako wakati wa kiangazi maji hugawanywa kwa zamu, na kibali kisichojulikana kwa majirani huzaa ugomvi hata kama kina mihuri yote inayotakiwa.

Hatua ya pili: Kupima maji kabla ya kuchagua samaki

Watu wengi huchagua samaki kwanza, halafu ndipo huuliza kama maji yatamfaa. Mpangilio huo ugeuzwe. Kinachoamua aina ya samaki katika nyanda za juu ni joto la maji, na kinachoamua ukubwa wa mradi ni kiasi cha maji katika mwezi mkavu kuliko yote.

Joto lipimwe kwa kipimajoto cha kawaida cha maji, alfajiri na tena saa tisa alasiri, kwa siku kadhaa mfululizo, na vipimo hivyo virudiwe mwezi wa Julai wakati wa baridi na ukungu. Tilapia wa Nile hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30 za Selsiasi. Yakishuka chini ya 20 ukuaji wake huzorota, na karibu na 16 huacha kula. Trauti ni kinyume chake: hustawi kati ya nyuzi 10 na 16, na maji yakipita 20 huanza kutaabika kwa kukosa hewa, kwa kuwa maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Si ajabu basi kwamba katika eneo hilihili la mlima kituo cha serikali cha trauti kimewekwa Kiganjo, juu kwenye baridi, ilhali kituo kinachozalisha tilapia na kambare kiko Sagana, chini kwenye joto.

Kiasi cha maji hupimwa hivi. Chagua sehemu iliyonyooka ya kijito yenye urefu wa mita 10. Pima upana na wastani wa kina, kisha tupa chungwa majini upande wa juu na uhesabu sekunde linazochukua kufika upande wa chini, ukirudia mara tano na kuchukua wastani. Tuseme upana ni mita 1.5, kina ni mita 0.2, na chungwa limechukua sekunde 25. Kasi ni mita 0.4 kwa sekunde, ukizidisha 1.5 kwa 0.2 kwa 0.4 unapata mita za ujazo 0.12 kwa sekunde, na kwa kuwa maji ya chini yanayokwaruzana na mawe huenda polepole kuliko yale ya juu, zidisha jibu hilo kwa 0.8. Kijito hicho kinapitisha takriban lita 96 kwa sekunde. Lakini kipimo cha Mei hakina maana yoyote kwa mradi huu. Pima mwishoni mwa Februari, kabla ya mvua za masika, na tena Septemba, kisha uchukue kile kidogo zaidi kuwa ndicho kijito chako halisi.

Mwisho, inua mawe machache yaliyozama na uangalie upande wake wa chini. Ukikuta viluwiluwi vya wadudu vyenye mikia miwili au mitatu vikijishikiza hapo, maji ni safi na yana hewa ya kutosha. Ukikuta minyoo myekundu na utelezi tu, fuatilia kijito kuelekea juu hadi umjue anayekichafua kabla ya kutumia hata shilingi moja. Katika maeneo ya kahawa mchafuzi mara nyingi huwa kiwanda cha kumenyea, hasa kati ya Oktoba na Desemba, kwa sababu maji ya maganda yakioza humaliza oksijeni yote iliyomo kijitoni.

Hatua ya tatu: Kuchagua samaki

Kwa sehemu kubwa ya wakulima wa Kirinyaga, Murang'a, Embu na sehemu za chini za Nyeri, jibu ni tilapia katika kidimbwi cha maji yaliyotulia. Maji ya kijito yanaweza kuwa na nyuzi 18 tu, lakini yakikaa katika kidimbwi kisicho na kivuli hupata joto la jua na kuongezeka nyuzi kadhaa. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kutopitisha maji mengi kidimbwini: kila lita ya ziada inaingia na baridi.

Chukua tilapia wa kiume pekee. Tilapia huanza kuzaa akiwa bado mdogo, na kidimbwi chenye dume na jike hujaa baada ya miezi michache samaki wengi wasiozidi urefu wa kidole, ambao hula chakula chote na hawauziki. Vifaranga wa kiume wanapatikana katika vituo vilivyoidhinishwa, lakini uliza kiwango cha usafi wa jinsia, yaani ni wangapi katika kila mia walio madume kweli, na usikubali vifaranga waliochotwa tu kwa ndoo kutoka kidimbwi cha mtu. Kwa kuwa majike wachache hupenya kila mara, baadhi ya wafugaji huongeza kambare wachache ili wawale watoto wa tilapia. Kambare hao waingizwe baada ya tilapia kukua kiasi cha kutomezwa.

Trauti ni habari nyingine, na kwa maoni yangu wakulima wengi wanaomtamani wangefaa kumwacha. Anahitaji maji baridi yanayopita bila kukoma mchana na usiku: hesabu ya kukadiria ni lita 10 kwa sekunde kwa kila tani moja ya mazao ya mwaka. Anahitaji pia chakula chenye protini ya asilimia 40 au zaidi, ambacho ni ghali, na soko lake ni hoteli na wateja wachache wa mijini. Anayeishi karibu na msitu, mwenye kijito kisichokauka na mnunuzi aliyekwisha kukubaliana naye, anaweza kujenga mifereji mirefu myembamba ya saruji na kufaulu. Maji yake lazima yapite katika shimo la kutuamisha uchafu kabla ya kurudishwa kijitoni, kwa kuwa jirani wa chini anayanywa.

Swali la kwa nini samaki hawa wasiachiliwe tu kijitoni lina historia ndefu hapa. Trauti wa kahawia waliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na kutiwa katika mto Gura, na kutoka hapo trauti walisambazwa katika mito mingine ya mlimani, ambamo wanazaana wenyewe hadi leo huku wakila wadudu na samaki wadogo wa asili. Sangara walioingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 wanajulikana na kila mtu, na aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, walioangamizwa nao hazijarudi. Kwa bonde la Tana hatari ya karibu ni tilapia wa Nile mwenyewe: mito ya Tana na Athi ina tilapia wake wa asili, Oreochromis spilurus, na samaki wa jamii hii huzaana wao kwa wao kwa urahisi, kiasi kwamba ukoo wa kienyeji unaweza kufifia bila mtu kuona samaki hata mmoja akifa.

Hatua ya nne: Kuchimba kidimbwi na kuleta maji

Udongo ujaribiwe kwanza. Chimba shimo la kina cha kiuno, lijaze maji asubuhi, na jioni uongeze yale yaliyopungua, kisha ulifunike kwa matawi yenye majani. Kesho yake asubuhi, ikiwa sehemu kubwa ya maji ingalipo, mahali hapo panafaa. Yakiwa yamekwisha, tafuta mahali pengine au ujiandae kununua karatasi ya plastiki ya kutandika chini, ambayo hubadilisha hesabu yote ya gharama.

Ukubwa wa mita za mraba 300, yaani mita 15 kwa 20, ni wa kuanzia. Ndio uliotumiwa na mpango wa serikali wa kufufua uchumi ulioanza mwaka 2009, ambao ulitapakaza vidimbwi vya aina hiyo nchini. Vingi vilikauka au vikaachwa, lakini kipimo chenyewe hakikuwa na kosa. Kina kiwe sentimita 80 upande wa maji yanapoingia na mita 1.2 hadi 1.5 upande wa kutokea, ili kidimbwi kiweze kumwagwa chote. Matuta yajengwe kwa tabaka za udongo za sentimita 20, kila moja ikishindiliwa kabla ya kuweka nyingine, na upande wa ndani ulazwe kwa uwiano wa mita 2 za mlalo kwa kila mita 1 ya kimo. Kilele cha tuta kibaki sentimita 30 juu ya maji. Otesha nyasi fupi juu yake, wala usipande mti wowote, kwa maana mizizi ikioza huacha njia ya maji.

Mfereji wa kuleta maji uanzie mahali palipo juu kuliko kidimbwi, katika sehemu ya kijito iliyonyooka na yenye ukingo imara, na uteremke taratibu, sentimita 10 hadi 20 kwa kila mita 100. Mdomo wake uwe na kilango cha ubao kinachoweza kufungwa kabisa, na mbele yake uwekwe wavu wa matundu madogo ili samaki wa mwituni, vyura na takataka visiingie. Usijenge kizuizi kinachokatiza kijito chote.

Wengi hushangaa wanapoambiwa jinsi maji yanayohitajika yalivyo machache. Kidimbwi cha mita za mraba 300 kilichoshindiliwa vizuri hupoteza sentimita 1 hadi 2 za kimo kwa siku kwa mvuke na kunyonywa na udongo. Kwa sentimita 2 hizo ni lita 6,000 kwa siku, sawa na ndoo moja ya lita 20 katika muda wa dakika tano hivi. Kujaza mara ya kwanza kwa lita moja kwa sekunde huchukua siku tatu na nusu au nne, na baada ya hapo kilango hufunguliwa kidogo tu. Hesabu hii iandikwe katika maombi ya kibali na isomwe katika mkutano wa chama cha maji, kwani ndiyo inayowatuliza majirani.

Upande wa kutokea panahitaji uangalifu mkubwa kuliko pengine pote, kwa sababu ndipo samaki wako wanapoweza kuingia kijitoni. Tumia bomba lenye kiwiko kinachoweza kulazwa ili kupunguza maji, na ufunge mdomo wake kwa wavu ambao kifaranga mdogo kuliko wote hawezi kupitisha kichwa. Maji yakitoka yapite katika kishimo kilichojazwa kokoto na changarawe, kisha yaenee shambani. Wavu huo usafishwe kila siku. Ukiziba, maji hupita juu ya tuta na samaki hupita nayo.

Hatua ya tano: Kutayarisha maji na kupandikiza

Udongo mwekundu wa nyanda za juu, hasa ukanda wa chai, una tindikali. Tandaza chokaa ya kilimo kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100 kwenye sakafu ya kidimbwi kikiwa kitupu, subiri wiki mbili, ndipo utie maji na samadi iliyokauka. Baada ya siku kama kumi maji yatageuka kijani kwa vijimea vidogo sana ambavyo ni chakula cha tilapia. Zamisha mkono: kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, rutuba imetosha. Kikipotea mapema zaidi, acha samadi kabisa, kwa kuwa kijani kilichozidi humaliza oksijeni usiku na samaki hukutwa alfajiri wakihema juu ya maji.

Vifaranga huletwa katika mifuko ya plastiki iliyotiwa maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili. Wasafirishwe asubuhi na mapema. Acha mfuko uelee kidimbwini kwa dakika 15 hadi 20, kisha uufungue na kuchanganya maji kidogokidogo, na uwaache watoke wenyewe. Kidimbwi cha mita za mraba 300 hupokea vifaranga 1,000. Kuongeza idadi hakuongezi kilo za mavuno. Huongeza tu idadi ya samaki wadogo.

Hatua ya sita: Kulisha na kuangalia

Lisha mara mbili kwa siku, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, maji yakiwa yamepata joto, mahali palepale kila siku. Kiasi kikadiriwe kwa uzito: kila mwezi vua samaki 30, wapime pamoja na ugawanye. Ikiwa wastani ni gramu 50, samaki 1,000 wana kilo 50, na asilimia 4 ya uzito huo ni kilo 2 za chakula kwa siku. Samaki wakikua asilimia hiyo hushuka hadi 2 au 3. Chakula kinachobaki kikielea baada ya robo saa ni fedha inayooza, na katika majuma ya baridi ya Julai tilapia wanaweza kukataa chakula kabisa, usiwalazimishe. Tarajia kwamba katika baridi hii watachukua muda mrefu zaidi ya miezi sita hadi minane inayotajwa na wauzaji wa vifaranga.

Korongo, mdiria, mnandi na fisi maji watakuja. Nyuzi zilizovutwa juu ya maji huwazuia ndege, na uzio wa wavu uliofukiwa chini kidogo humzuia fisi maji. Kuwawekea sumu ni kosa la jinai, na sumu hiyo huishia kijitoni.

Hatua ya saba: Kukitunza kijito

Mwenye kidimbwi bado ana wajibu kwa kijito kinachokilisha. Ng'ombe wasishuke majini. Wapelekewe maji kwa bomba hadi kwenye hori. Mikaratusi iliyo ukingoni iondolewe polepole na nafasi yake ichukuliwe na mikuyu, mianzi na matete, ambayo hushika udongo na kutia kivuli. Magogo na mawe makubwa yaliyomo majini yaachwe, kwa sababu nyuma yake ndipo samaki wadogo wa asili na kambare mdogo wa milimani hujificha wakati wa mkondo mkali. Pampu ya dawa ya mimea isioshewe kijitoni kamwe. Ukanda wa ukingo ukipumzishwa, samaki hao hurudi wenyewe kutoka sehemu za juu bila kununuliwa.

Kiangazi kinapokaza, funga kilango kabla ya kuambiwa. Kidimbwi kinaweza kuvumilia kushuka kwa sentimita 20 au 30 bila madhara, ukipunguza chakula na ukivuna samaki walio wakubwa, ilhali mita 200 za kijito kilichokauka hazivumilii chochote. Wakati wa kuvuna vuta juya, yaani wavu mrefu wa kukokota, mara mbili, kisha laza kiwiko cha bomba polepole huku mtu akisimama penye wavu wa kutokea tangu mwanzo hadi mwisho. Maji ya mwisho, yaliyo mazito kwa tope na mbolea, yaelekezwe kwenye nduma na migomba, na tope lililobaki lichotwe na kusambazwa shambani kabla ya kutandaza chokaa upya.